Kabla hujaweka bendera: hadithi yako inaanza mwaka gani?

Kila Israeli na Palestina wakirudi kwenye habari, simu yangu hujaa bendera. Nusu ya watu ninaowafuata wanaweka hii, nusu ile, na wengi wetu hata Namanga hatujawahi kuvuka. Sasa jameni, haya maoni tuliyatoa wapi?

Yangu niliyapata kwa shosho. Biblia yake ina ramani za rangi mwishoni, nami nilikua nikidhani Israeli ya redioni ni ile ile ya ramani. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja chuoni ni kijana wa Mombasa. Yake aliyapata madrasa, chini ya picha ya Msikiti wa Al-Aqsa. Mwaka wa kwanza tulibishana mpaka tukanuniana wiki nzima. Cha ajabu, mambo mengi tulikubaliana yalitokea. Tulichotofautiana ni mwaka wa kuanzia.

Ukianza 1967 unaona jeshi linalokalia Ukingo wa Magharibi na Gaza. Ukianza 7 Oktoba 2023 unaona takriban watu 1,200 waliouawa Israeli, na mateka. Ukianza wiki chache baadaye unaona maelfu kwa maelfu ya waliouawa Gaza. Hata 1948 ziko mbili: kwa Waisraeli ni uhuru, kwa Wapalestina ni Nakba, yaani janga, ambapo watu kama 700,000 walikimbia au kufukuzwa makwao.

Mimi siku hizi naanza 1903. Mwaka huo Wayahudi waliuawa kinyama mjini Kishinev, ndani ya himaya ya Urusi, na Uingereza ikawapendekezea viongozi wa Kizayuni ardhi Afrika Mashariki. Vitabu vinauita Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, ndiyo, upande wa Eldoret! Waingereza waliihesabu kuwa tupu. Wanandi waliokuwa wakilisha ng'ombe huko, nani aliwauliza? Walowezi wazungu wa hapa walipiga kelele kwa sababu zao. Wajumbe wengi kutoka Urusi, ambako ndiko watu wao walikuwa wakiuawa, nao walipinga: walitaka Palestina tu. Mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ukaukataa.

Tangu nisome hayo, mtu akiniambia Palestina ilikuwa ardhi tupu nashtuka, maana na yetu iliandikwa hivyo hivyo. Kule kulikuwa na wakulima, na bandari ya Jaffa, na magazeti ya Kiarabu. Lakini miwani yetu ya mkoloni nayo ina ufa. Mlowezi wa Kenya alikuwa na Uingereza ya kurudi. Myahudi aliyenusurika kambi za Hitler alikuwa arudi wapi? Na kuna Wayahudi walioishi Jerusalem na Safed karne nyingi kabla ya mambo haya yote.

Serikali nazo si tofauti na sisi. Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuigawa Palestina mwaka 1947, nchi 33 zilikubali, 13 zikakataa, 10 hazikuegemea popote. Kenya ilikuwa koloni, haikuwa na kura. Baada ya uhuru tulikuwa na ubalozi na Israeli. Mwaka 1973 tukavunja uhusiano pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa Misri ilikuwa mwenzetu OAU na Sinai yake ilikuwa imekaliwa. Mwaka 1976 ndege za Israeli zikitoka kuokoa mateka Entebbe zilijaza mafuta Nairobi. Mwaka 1988 uhusiano ukarudi. Kwa hiyo anayekwambia Kenya imekuwa upande mmoja siku zote, mwulize anaanzia wapi.

Mimi na jamaa wa Mombasa bado hatujakubaliana, ila tunaulizana maswali. Yeye alidhani Waisraeli wote wana asili ya Ulaya, mpaka nikamwonyesha habari za mamia ya maelfu ya Wayahudi walioondoka Iraq, Yemen na Morocco. Naye akaniuliza kama shosho anajua kuna Wapalestina Wakristo Bethlehemu kwenyewe. Nikampigia. Shosho akauliza wanasali kwa lugha gani. Nikamwambia Kiarabu. Akanyamaza kidogo, halafu akataka kujua kama kanisani wanaimba.