Schwinn

Schwinn ni chapa ya baisikeli kutoka Marekani. Kampuni yake ilianzishwa mjini Chicago mwaka 1895 na katika karne ya 20 ilikuwa kati ya watengenezaji wakubwa wa baisikeli nchini humo. Inajulikana pia kwa mfumo wake wa mawakala, uliozua kesi muhimu katika sheria za biashara za Marekani.

Mwanzo

Ignaz Schwinn (1860–1948), fundi mitambo mzaliwa wa Ujerumani, aliunda kampuni ya Arnold, Schwinn & Company pamoja na Adolph Arnold, mfanyabiashara wa nyama. Mwaka 1908 alinunua sehemu ya mwenzake. Biashara ya baisikeli ilipodorora, kampuni ilitengeneza pia pikipiki za Excelsior na Henderson hadi mwaka 1931.

Mwanawe, Frank W. Schwinn, aliielekeza tena kampuni kwenye baisikeli. Mwaka 1933 ilitoa baisikeli ya matairi manene, yaliyohimili barabara mbovu kuliko matairi membamba ya awali. Sting-Ray ya mwaka 1963, yenye usukani ulioinuka na kiti kirefu, ilipendwa sana na watoto.

Mawakala

Zamani baisikeli za Schwinn ziliuzwa katika maduka ya kila aina, mengi yakiwa hayana fundi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni ilipunguza idadi ya maduka, ikabakiza yale yaliyoweza kuunganisha na kutengeneza baisikeli. Kila msambazaji alipewa eneo lake, na aliruhusiwa kuuzia mawakala walioidhinishwa tu.

Serikali iliona kwamba masharti hayo yanazuia ushindani, ikafungua kesi. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kampuni ikishauza bidhaa zake haiwezi kumpangia mnunuzi amuuzie nani. Baada ya hapo Schwinn ilianzisha maghala yake yenyewe ya usambazaji. Mwaka 1977, katika kesi nyingine, mahakama hiyo ilitengua msimamo huo: masharti ya namna hiyo yapimwe kwa athari zake katika ushindani.

Kuanguka

Mwaka 1980 wafanyakazi wa Chicago waligoma, na kampuni ikazidi kuagiza baisikeli kutoka ng'ambo, hasa kwa kampuni ya Giant ya Taiwan. Kiwanda cha Chicago kilifungwa mwaka 1983. Baadaye Giant iliingia soko la Marekani kwa jina lake na kuwa mshindani wa Schwinn.

Schwinn ilifilisika mwaka 1992, na umiliki wa familia ukakoma mwaka uliofuata. Ilifilisika tena mwaka 2001, ikanunuliwa na Pacific Cycle, iliyopeleka jina hilo katika maduka makubwa ya bei nafuu. Hivyo Schwinn ilirudi kuuzwa katika maduka yasiyo na mafundi, ambayo iliwahi kuyaacha kwa ajili ya mawakala wake. Tangu mwaka 2022 chapa hiyo imekuwa chini ya Pon Holdings ya Uholanzi.