Daktari aliyetaka wimbo usikatike

Wasee wa laptopu za ex-UK, hii ni yenu. Umeweka wimbo, umefungua brauza, halafu wimbo unaanza kukwaruza: krr, krr. Unalaumu spika. Saa zingine spika haina hatia.

Fikiria banda la kupimia majani chai hapa Ndanai. Mizani ni moja, watu ni thelathini. Mizani ndiyo prosesa. Karani anayeamua nani afuate ndiye skejula, na anakaa ndani ya keneli, ule moyo wa Linux. Programu ya muziki ni mama mwenye kikapu kidogo: hachukui muda, lakini lazima aitwe mapema. Sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ikiwa na akiba ya sampuli 1,024, inamaliza akiba kwa milisekunde 21 hivi. Karani akichelewa hapo, ndiyo hiyo krr.

Linux 2.6 ilipotoka Desemba 2003, karani wake alikuwa anakisia. Skejula hiyo iliandikwa na Ingo Molnar wa Hungary. Iliangalia programu inayolala sana ikasema, hii inangoja binadamu, ipewe nafasi. Mara ikapatia, mara ikakosa. Watu wakawa wanaipima kwa xmms, kicheza muziki cha wakati huo: unabadilisha keneli, unaweka wimbo, unavuta madirisha huku na kule, unasikiliza kama unaruka.

Lakini “wimbo wangu unaruka” si ushahidi. Nani atakusikiliza?

Hapo ndipo anaingia Con Kolivas wa Australia. Huyu hakusomea kompyuta; alikuwa daktari wa kulaza wagonjwa kabla ya upasuaji, akajifunza kuandika kodi mwenyewe. (Kodi ya kompyuta, si ya landlodi.) Mimi niliyeacha chuo hiyo sentensi niliisoma mara mbili. Alilalamika kwamba keneli inatengenezewa seva za makampuni makubwa, mtu wa kompyuta moja mezani amesahaulika. Halafu akafanya kitu poa kuliko kulalamika: akaandika Interbench, programu inayojifanya kicheza muziki, inaamka kila milisekunde 50, inataka asilimia 5 ya prosesa, na inarekodi imecheleweshwa kiasi gani. Krr ikapata namba.

Na kumpata mkosaji je? Git, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika 2005, ina amri ya bisect. Unaiambia keneli hii ilikuwa nzima, hii ni mbovu, nayo inakupeleka katikati, tena katikati. Mabadiliko 10,000 yanaisha kwa majaribio 14 hivi. Inasikika rahisi, lakini kila jaribio ni kujenga keneli, kuwasha upya na kusikiliza. Ukisema “hii ni nzima” kwa sababu wimbo haukuruka dakika hiyo, unaishia kumfunga mtu asiye na kosa.

Machi 2007 Kolivas alileta skejula isiyokisia: kila programu igawiwe haki yake, basi. Aprili, Molnar akatoa yake, CFS, iliyosimama juu ya wazo hilohilo la haki, na akamtaja Kolivas kama aliyeonyesha kwamba inawezekana. Torvalds akachagua CFS; alisema anamwamini zaidi Molnar kushughulika na malalamiko ya watu. Ikaingia 2.6.23, Oktoba 2007. Kolivas alikuwa ameshajitoa Julai.

Kwangu hiyo iliuma, ingawa hoja ya Torvalds si ya kutupwa. Skejula inahitaji mtu wa kukaa nayo miaka. Lakini wazo la daktari lilishinda bila jina lake kwenye mlango.

Alirudi 2009 na skejula nyingine yenye jina ambalo mamangu hawezi kuniruhusu kuliandika. CFS ilidumu hadi Oktoba 2023, Linux 6.6 ilipoleta EEVDF, iliyotokana na utafiti wa 1995. Hii inampa kila mtu makataa, ili mama wa kikapu kidogo aitwe mapema bila kuruka zamu ya wengine.

Na Android ni keneli ya Linux, kwa hivyo karani yuko pia kwenye hiyo simu uliyoshika.