Asili ya Kuwafundisha Watoto Kulinganisha Sauti

Wengi wafundishao watoto kuimba huanza na kinywa: mwalimu huimba, watoto humfuata. Mtoto akikosea huambiwa kwamba aimba vibaya, wala hapana aulizaye kama sikio lake limeitambua tofauti yenyewe. Walioanza na sikio ni wachache, na asili ya kazi yao haikutoka kwa waimbaji. Ilitoka kwa kijana asiyejua kusema hata neno moja.

Kijana huyo alikamatwa katika Januari 1800 huko Aveyron, kusini mwa Ufaransa, naye alikuwa akiishi peke yake mwituni. Umri wake ulikisiwa kuwa miaka 11 au 12. Alipelekwa Paris kwenye chuo cha viziwi na mabubu, na Pinel, tabibu mwenye sifa kuu, akasema kwamba ni punguani asiye na dawa. Lakini Jean Itard, tabibu aliyekuwa bado kijana, hakukubali. Alikuwa ameona jambo la ajabu: bastola ilipopigwa karibu naye, kijana hakujali, bali kokwa alilopenda kula lilipovunjwa, hata kwa mlio mdogo, aligeuka mara moja. Basi hakuwa kiziwi. Sikio lake lilisikia lile tu lililomfaa mwituni. Tena Itard aliona kwamba sauti ya “o” humgutusha kuliko nyingine, na kwa sababu hiyo akamwita Victor, jina ambalo katika matamshi ya Kifaransa huikazia sauti hiyo.

Itard akamfunga macho kwa kitambaa kinene, ili sikio lisisaidiwe na jicho. Mwalimu alipopiga kengele, Victor sharti naye apige kengele. Alipopiga ngoma, apige ngoma. Kisha tofauti zikapunguzwa kidogo kidogo, kutoka ngozi ya ngoma mpaka ukingo wake, hata wakafikia ala ya kupulizwa, na mwisho sauti ya mwanadamu. Hapo kila irabu ilipewa kidole chake, na Victor akatakiwa kukiinua kidole kila asikiapo irabu yake. Sisi tusemao Kiswahili twaweza kuupima ugumu wa zoezi hilo, maana panda, penda, pinda, ponda na punda hutenganishwa na irabu moja tu.

Victor aliufurahia mchezo, akacheka na kuinua vidole ovyo. Itard, kwa kukosa subira, akampiga vidoleni kwa kifimbo cha ngoma. Na kijana alipodhani kwamba hilo nalo ni mzaha, akampiga kwa nguvu zaidi. Machozi yakatoka chini ya kitambaa. Tangu hapo hofu ililiziba sikio kuliko furaha ilivyoliziba, na mazoezi yakaachwa. Itard mwenyewe aliyaandika hayo katika taarifa yake ya 1806, bila kujificha, na kwangu mimi ukurasa huo una thamani kuliko mafanikio yake yote. Victor alikufa mwaka 1828, asijue kusema ila maneno machache.

Karibu miaka mia baada ya majaribio hayo, Maria Montessori, tabibu wa Italia, alivitafuta vitabu vya Itard na vya mfuasi wake Séguin, akavinakili kwa mkono wake katika Kiitaliano. Tarehe 6 Januari 1907 ilifunguliwa nyumba yake ya watoto huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Baadaye mwenzake, Anna Maria Maccheroni, alitengeneza safu mbili za kengele zenye umbo moja na ukubwa mmoja, zisizotofautiana ila kwa mlio. Safu moja ina vikalio vyeupe na vyeusi, nyingine vya rangi ya mti. Mtoto hugonga kengele ya safu ya kwanza kwa nyundo ndogo, kisha huitafuta mwenzake katika ya pili, akigonga moja moja mpaka sauti mbili zikubaliane. Jicho halina la kumwambia, kama kitambaa cha Itard. Lakini hapana afungwaye macho, wala hapana kifimbo. Akikosea, kengele iliyobaki bila mwenzake humwambia.

Tena kulikuwa na mchezo wa kimya. Watoto walikaa tuli, na Montessori, akiwa chumba cha pili, aliyaita majina yao kwa kunong’ona, moja baada ya moja. Na kila aliyeitwa aliinuka na kumwendea kwa ncha za vidole, asigonge hata kiti.