Kinga ya ngozi dhidi ya bakteria

Kinga ya ngozi dhidi ya bakteria ni kazi inayofanywa na seli za ngozi zenyewe kuwazuia bakteria wasipenye mwilini na kuwaua wanapojaribu. Kwa muda mrefu ngozi ilichukuliwa kuwa ukuta tu, na sifa zote za mapambano zikapewa chembe nyeupe za damu. Mtazamo huo ulibadilika mwishoni mwa karne ya 20, ilipobainika kuwa seli za ngozi hutengeneza silaha zake.

Takriban asilimia 90 ya seli za tabaka la juu la ngozi ni keratinositi. Huzaliwa sehemu ya chini kabisa ya tabaka hilo na kusukumwa juu na zile zinazozaliwa baadaye, huku zikijaa keratini, protini ngumu iliyomo pia katika kucha na nywele. Zikifika juu huwa zimekwisha kufa na kubapa, zikiwa zimeshikamanishwa kwa mafuta. Safari hiyo huchukua karibu mwezi mmoja, kisha hubanduka pamoja na bakteria waliozing'ang'ania. Uso wa ngozi ni mkavu na wenye asidi kidogo, hali inayowabana bakteria wengi waletao maradhi. Sabuni kali huondoa mafuta na asidi hiyo, kwa hiyo ngozi iliyosuguliwa mno huenda ikawa safi lakini dhaifu.

Ushahidi wa kuvutia kuliko wote ulitoka kwa wagonjwa wa soriasisi, maradhi yanayoifanya ngozi iwe nyekundu na kutoa magamba. Ngozi iliyoharibika hivyo ingetarajiwa kutunga usaha kila mara, lakini wagonjwa hao huambukizwa bakteria kwa nadra. Jens-Michael Schröder, Jürgen Harder na wenzao mjini Kiel, Ujerumani, walitafuta sababu ndani ya magamba yenyewe. Mwaka 1997 walitangaza kuipata beta-difensini ya 2 ya binadamu, protini ndogo ambayo keratinositi huitengeneza kwa wingi zinapokutana na bakteria au kupokea ishara za uvimbe. Protini hiyo huwaua Escherichia coli, ila Staphylococcus aureus, msababishaji mkuu wa majipu, huweza kuihimili. Mwaka 2001 kundi hilohilo likaeleza beta-difensini ya 3, inayomuua huyo pia.

Likabaki swali jingine. E. coli hujaa katika kinyesi na huifikia ngozi kila siku. Mbona hawaweki makao hapo? Mwaka 2005 watafiti wa Kiel walionyesha kuwa keratinositi hutoa soriasini, protini inayonyakua zinki ambayo bakteria hao hawawezi kuishi bila hiyo. Soriasini ilipozuiwa kwa kingamwili juu ya ngozi, E. coli walinusurika.

Difensini hufanya kazi kwa njia nyingine. Zina chaji chanya, na utando wa nje wa bakteria una chaji hasi. Hivyo hunasa hapo na kuutoboa. Kathelisidini, inayoongezeka ngozi inapojeruhiwa, huua vivyo hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa San Diego, Marekani, waligundua kuwa hata seli za mafuta zilizo chini ya ngozi huitoa zinaposhambuliwa na S. aureus. Jasho nalo lina demisidini, iliyoelezwa Ujerumani mwaka 2001.

Keratinositi humtambua adui kwa vipokezi vinavyonasa vipande vya bakteria, kisha hutoa kemikali za kuziita chembe nyeupe. Katikati ya keratinositi zimo pia seli za Langerhans, zilizoelezwa mwaka 1868 na Paul Langerhans, mwanafunzi wa tiba mjini Berlin aliyedhani ni za neva. Leo inajulikana kuwa huchukua vipande vya vijidudu na kuvipeleka kwenye tezi za limfu.

Ulinzi huu hushindwa pia. Katika ukurutu wa kurithi, wagonjwa wengi wana kasoro, iliyobainishwa mwaka 2006, katika jeni ya filagrini, protini ya tabaka la juu la ngozi. Ngozi hukauka na kupasuka. Isitoshe, ngozi yao hutoa difensini na kathelisidini chache kuliko ya wenye soriasisi, na S. aureus huzagaa juu yake.

Shambulio lenye hila zaidi ni la kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda ambako wagonjwa wengi walichunguzwa miaka ya 1960. Mycobacterium ulcerans hutoa sumu ya mikolaktoni, inayoua seli za ngozi na za mafuta na kuzima ishara za kinga. Hupunguza hata maumivu, na ndiyo maana wengi huchelewa kufika kituo cha afya. Matibabu yake ni rifampisini na klarithromisini kwa wiki 8.