Kituo cha Uokoaji cha Lamu Kipo, Ila Hakijawahi Kujengwa

Nenda pale gatini Lamu umuulize mtu yeyote: boti ikipinduka mlangoni Shela saa hii, nani atakwenda? Hatakutajia ofisi. Atakutajia watu. Fulani ana injini nzuri, fulani anajua maji ya pale, fulani alikwenda mara ile ya mwisho. Hiyo orodha iko kichwani mwa kila mtu na haiko kwenye karatasi yoyote. Hicho ndicho kituo chetu cha uokoaji baharini. Ni cha kujitolea, ni cha miaka mingi sana, na hakina hata kibao cha jina.

Leo nataka tuongee historia yake, manake naona tunaipoteza huku tunaitumia kila mwaka.

Tuanze mbali kidogo. Kisiwani Pate kuna masimulizi ambayo kila mtoto wa huku ameyasikia: meli ya Kichina ilivunjika kwenye miamba zamani, mabaharia wakafika nchi kavu, wakapokewa na wenyeji, wakaoa, wakabaki. Watu wanaihusisha na safari za Zheng He za karne ya 15. Mwaka 2005 msichana wa Siyu, Mwamaka Sharifu, alipata nafasi ya kusoma China kwa sababu ya hadithi hii hii, na baadaye wataalamu wa China na Kenya wakaja kutafuta mabaki ya meli chini ya maji. Kila mtu anaiuliza upande mmoja: je, kweli walikuwa Wachina? Mimi nauliza upande wa pili. Watu wanatoka baharini, hujui lugha yao, hujui dini yao, hujui wamekuja na nini. Na bado unawapa maji na mahali pa kulala. Iwe ilitokea vile au haikutokea, jamii iliyochagua kujikumbuka kwa hadithi kama hiyo inajieleza ni jamii gani.

Sasa skizeni hii nyingine. Karibu mwaka 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuipiga Lamu, vita vikapiganwa Shela. Masimulizi yanasema walioshindwa walikimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimelala mchangani. Wengi walikufa pale pale ufukweni. Tunaisimulia kama hadithi ya ushindi, lakini ndani yake kuna somo la kila siku: huku asiyejua maji kujaa na kupwa anakufa, hata akiwa na jeshi. Mpaka leo boti ya Pate ikipita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, lazima nahodha apige hesabu ya maji. Bamvua ni habari moja, maji mafu ni habari nyingine. Kusi likivuma kuanzia mwezi wa nne, na zaidi mwezi wa sita mpaka wa nane, mawimbi ya mlango wa Shela yanakuwa kitu kingine kabisa. Haya nayaandika mimi niliyeacha chuo, na hakuna mhadhara niliofundishwa haya. Yako kwa watu wale wale wanaoitwa boti ikizama.

Wakati huo huo, upande mwingine wa dunia, watu walikuwa na shida kama yetu. Uingereza meli zilikuwa zinavunjika pwani na wavuvi wa vijijini ndio waliokuwa wanatoka kuokoa. Bwana mmoja aitwaye William Hillary, aliyekuwa akiishi kisiwa cha Man, aliona hayo akaandika pendekezo. Mwezi wa tatu 1824 wakakutana London wakaunda chama, ambacho leo kinajulikana kwa herufi RNLI. Kimeshaokoa watu zaidi ya 140,000. Na wengi wa wanaopanda boti zake bado ni watu wa kujitolea: mvuvi, fundi, mwalimu. Pesa nyingi zinatoka kwenye michango ya wananchi.

Msinielewe vibaya, sisemi Wazungu ndio waliogundua kuokoa watu. Hillary hakuleta moyo. Moyo ulikuwepo tayari kwa wavuvi wake kama ulivyo kwa wavuvi wetu. Alicholeta ni daftari na mfuko wa pesa. Tangu mwanzo pendekezo lake lilitaja pia wajane na familia za waokoaji watakaokufa. Alijua kwamba anayekwenda kuokoa naye anaweza asirudi.

Na kweli hawakurudi. Tarehe 19 Desemba 1981, kijiji kidogo cha wavuvi kinachoitwa Mousehole kilitoa boti yake ya uokoaji, Solomon Browne, usiku wa dhoruba, kuwafuata watu wa meli ya Union Star. Watu wanane wa kujitolea walikuwa ndani. Wote wanane wakafa, pamoja na wanane wa ile meli. Leo majina ya wale wanane yameandikwa na kila mwaka yanakumbukwa. Nikisoma habari za Mousehole naiona Kizingitini. Naiona Faza. Kijiji kile kile, watu wale wale. Tofauti ni kwamba wao wakipoteza mtu anaandikwa, sisi tukipoteza mtu anazikwa, na baada ya miaka ishirini hata wajukuu hawajui alikufa akifanya nini.

Turudi nyumbani Afrika Mashariki, manake hii kitu si ya Lamu peke yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, watu 272 wakafa, karibu kabisa na nchi kavu. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, na kati ya waliotoka kuwafuata walikuwa wavuvi na watu wa Nungwi kwa vyombo vyao. Tume iliyoundwa baadaye ilisema waliokufa na kupotea ni zaidi ya 1,500. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani Bukoba, ikiwa na watu 43, na 24 wakatoka hai. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, akawa maarufu kwa kusaidia kufungua mlango kwa kasia. Alipewa shilingi milioni moja ya Tanzania na kazi kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji. Mashallah, alistahili. Lakini fikirieni: ni mvuvi mmoja aliyepata jina, kwa sababu kamera zilikuwepo. Wengine wote walikwenda kwa vyombo vyao na wakarudi nyumbani.

Na hapa kwetu, Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, boti ilizama katika maji ya Lamu, na familia moja ikapoteza watu wengi kwa siku moja. Msako uliendelea kwa siku kadhaa. Anayeishi huku anajua siku kama zile zinavyokuwa: simu zinapigwa kijiji kwa kijiji, boti za abiria zinaacha kazi, wavuvi wanaacha nyavu, wanawake wanapika kwa watu ambao hawajui watarudi saa ngapi. Hakuna anayeuliza mafuta nani atalipa. Hilo swali linakuja baadaye, na huwa halijibiwi.

Najua mtu atasema: kwani Serikali haipo? Ipo. Mwaka 2006 kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini kilifunguliwa Mombasa. Mwaka 2018 tukapata sheria ya Walinzi wa Pwani na kikosi kikazinduliwa, makao yake yakiwa Liwatoni, Mombasa. Ni hatua nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini Mombasa na Lamu ni zaidi ya kilomita 200, na maji ya Lamu yanaenda mpaka Kiunga. Hata kikosi kikiwa na boti nzuri hapa hapa, hakiwezi kuwa kila kilango kwa wakati mmoja. Mfamaji haachi kutapatapa, lakini kutapatapa kuna muda wake. Wa kwanza kufika atakuwa yule aliye karibu, na aliye karibu ni mvuvi au nahodha wa boti ya abiria. Hiyo si siasa, ni hesabu ya umbali.

Ndiyo maana kuna jambo moja naona hatujaliangalia vizuri. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu, ikadumu miaka kadhaa. Serikali ilikuwa na sababu za usalama, na watu walikufa kweli, hatuwezi kulifanya hilo dogo. Tuliongea sana kuhusu samaki na njaa, na ilikuwa haki kuongea. Ila kuna hasara nyingine. Ukiwatoa wavuvi baharini usiku umetoa pia macho ya usiku. Chombo kikipata shida saa sita, taa iliyokuwa ingeonwa na mtu haionwi na yeyote. Lile agizo lilifunga kituo chetu cha uokoaji kila jioni, na hakuna aliyetambua, kwa sababu kwenye karatasi hakikuwahi kuwepo. Kitu kisichoandikwa kinaweza kufungwa bila hata aliyekifunga kujua.

Sasa mtu aniambie haiwezekani kuwahesabu hawa watu. Inawezekana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya. Kwa hiyo wavuvi wanahesabika mmoja mmoja, pesa ikiwepo mezani. Tena tangu 2007 kuna kanuni za kamati za usimamizi wa fuo, zile tunazoita BMU. Zina wanachama, zina viongozi, zina orodha ya vyombo. Mifupa ya kituo iko tayari, kinachokosekana ni nyama.

Mimi naomba vitu vinne, na havihitaji jengo. Kwanza daftari kwa kila BMU: tarehe, mahali, nani alikwenda, nani aliokolewa. Pili mfuko wa mafuta, ambao kaunti, bandari na mahoteli ya Shela wanachangia, ili anayetoka leo kuokoa asikose petroli ya kazi kesho. Tatu bima kwa waliojiandikisha, hata iwe ndogo. Nne redio na jaketi okozi kwa vyombo kadhaa katika kila kijiji, kutoka Kipungani mpaka Kiwayu.

Sitaki tuwafanye waajiriwa. Tukianza na mishahara tutaingia kwenye siasa ya nani mtoto wa nani, na siku mshahara ukichelewa boti haitatoka. Iwe ni kujitolea vile vile, ila kujitolea kusimgharimu mtu chakula cha watoto wake.

Kuna wazee watakaosema kuokoa ni thawabu, na thawabu haiandikwi daftarini. Nawaheshimu, na sitabishana na wazee wangu kuhusu thawabu. Anayeokoa kwa ajili ya Mungu malipo yake yako kwa Mungu. Lakini daftari si la kumlipa yeye. Daftari ni la mkewe siku asiporudi, aweze kuonyesha kwamba mumewe hakuwa mzembe baharini, alikuwa kazini. Na ni la mtoto wa shule wa Faza, ambaye leo akitaka kusoma historia ya uokoaji baharini itabidi asome ya Mousehole, wakati ya babu yake iko nyumba ya pili.

Kwa hiyo wakati tunasubiri kaunti, kuna sehemu ambayo haihitaji bajeti. Kama una baba, ami au babu aliyewahi kutoka kumfuata mtu baharini, kaa naye jioni moja. Muulize mwaka gani, msimu gani, kusi au kaskazi, maji yalikuwa vipi, nani walikuwa naye chomboni. Andika kwenye simu, andika kwenye kitabu, popote. Anza na majina.