Panzi ilijengwa kwa ajili ya kuzalisha, si kwa ajili ya vita

Leo tunaandika juu ya hospitali ya kwetu, Panzi ya Bukavu. Sababu ni hii: Jumamosi tulipokutana, kijana mmoja alimwambia mwenzake, "Wewe mama yako si alilazwa Panzi?" na watu wakacheka. Yaani kwa wengine wetu kutaja Panzi tu ni kama kumtukana mtu. Tukaona ni vizuri tueleze historia yake, maana anayecheka hajui anachekea nini.

Historia ya Panzi inaanzia Lemera, kule milimani kwenye teritwari ya Uvira. Hapo kulikuwa na hospitali ya misheni, na mwaka 1983 daktari kijana alianza kazi pale, Denis Mukwege. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955 na udaktari alisomea Bujumbura, nchi jirani, kama vile wengi wetu tunavyosoma leo nje ya kwetu. Lemera aliona wamama wakiletwa kwenye kipoyi, wametembezwa mbali sana, mtoto amekwama tumboni. Wengine walifika wamechelewa. Ndipo akaenda Ufaransa, mji wa Angers, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Angeweza kubaki huko, lakini alirudi Lemera.

Tarehe 6 Oktoba 1996, vita vya kwanza vilipoanza, waasi walishambulia hospitali ya Lemera. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na kati yao kulikuwa na wagonjwa waliopigwa risasi kitandani na wauguzi waliokuwa wanawahudumia. Mkubwa wa hospitali, Mukwege mwenyewe, hakuwepo usiku ule, ndiyo maana alipona. Wazee wetu waliotoka upande ule wanakumbuka.

Baadaye alifika Bukavu akaanza tena kwa mahema. Mwaka 1998 vita vya pili vilipoanza, vyote viliharibiwa. Mwaka 1999 akaanza kwa mara nyingine, kwenye mtaa wa Panzi, komine ya Ibanda, pamoja na kanisa la CEPAC na msaada kutoka Sweden. Nia ilikuwa ileile ya Lemera: mama mjamzito wa Bukavu apate mahali pa kuzalia na pa kupasuliwa ikilazimu. Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawajui. Panzi ilifikiriwa kama nyumba ya uzazi.

Lakini mgonjwa wa kwanza kupokelewa hakuja kuzaa. Alikuwa mama aliyebakwa, kisha akapigwa risasi sehemu za siri. Madaktari walifikiri ni jambo la mara moja tu. Baada ya miezi mitatu walikuwa wamepokea wamama 45 wenye habari inayofanana. Basi vita vikawa vimeigeuza kazi ya hospitali. Tangu hapo imewatibu zaidi ya 50,000 walionusurika ubakaji.

Hata hivyo kuzalisha hakukuacha. Panzi ni hospitali kubwa ya rufaa, ina magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wanawake na uzazi. Mtu wa malaria anakwenda pale, mtoto wa utapiamlo anakwenda pale, na baadhi yetu tunaosoma hapa tulizaliwa pale. Tena ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika (UEA) cha Bukavu. Wanafunzi wa udaktari wanazunguka vitandani pamoja na walimu wao.

Jambo moja wanalofundishwa pale ni kutengeneza fistula. Tuelezane vizuri, maana wengi wanasikia neno tu. Mama akikaa na uchungu siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kinabana nyama za ndani mpaka zinakufa. Linabaki tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu au njia ya haja kubwa. Mkojo unatoka bila kuzuilika, mume anamkimbia, hata kanisani anakaa peke yake nyuma. Ubakaji wa kikatili unaweza kuleta tundu hilohilo. Si laana na si uchawi, na kwa wengi upasuaji unaliziba. Mukwege alifanya utafiti juu yake na mwaka 2015 akapata udaktari wa falsafa Brussels, Ubelgiji, kwa kazi hiyo. Utafiti wenyewe ulitoka kwenye vitanda vya wamama wa kwetu.

Pale Panzi waliona pia kwamba kumshona mtu hakutoshi. Walimtibu mama, wakamrudisha kijijini, kisha anarudi tena kwao ameharibiwa upya. Au mwili umepona lakini hasemi na mtu. Ndiyo maana huduma ikasimama juu ya nguzo 4: matibabu ya mwili, matunzo ya moyo na akili, msaada wa sheria, na kazi ya kumwingizia kipato. Mwaka 2011 ilifunguliwa Bukavu Cité de la Joie, ambako wanawake walionusurika wanasoma na kujiandaa kuwa viongozi kwao.

Nguzo ya sheria ilionekana nguvu yake Kavumu. Kati ya 2013 na 2016, watoto wa kike karibu 40 walichukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao wakabakwa. Wengi walitibiwa Panzi. Madaktari hawakutibu tu, waliandika: jeraha gani, lini, mtoto wa miaka mingapi. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, na mmoja wao alikuwa mbunge wa jimbo. Mheshimiwa mwenye walinzi alishindwa, na karatasi za hospitali zilikuwa kati ya ushahidi.

Kazi kama hiyo ina bei. Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Mukwege. Mlinzi wake aliuawa, yeye akaponea chupuchupu akakimbilia Ulaya na familia. Yaani naye alikuwa mkimbizi, kama sisi. Wamama wa Idjwi, kile kisiwa cha ziwani, walisikia. Waliuza mananasi na vitunguu wakachanga pesa ya tiketi arudi, wakasema watamlinda wao wenyewe kwa zamu. Januari 2013 alirudi, na kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu mpaka mjini watu walijipanga barabarani. Tuzo ya Nobel ya amani alipewa 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Lakini sisi tunaona tuzo ya kwanza ilikuwa yale mananasi. Wale waliochekwa ndio walioirudishia hospitali daktari wake.

Sasa turudi hapa kambini. Tumeona kesi za wasichana zikimalizwa kwa mbuzi na "tusameheane", wazee wa pande mbili wamekaa, na msichana hajapelekwa hata kwa muuguzi. Wakati wanajadili mbuzi, saa zinapita. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianzwe kabla ya saa 72, na mapema ndiyo bora, halafu inamezwa siku 28. Ya kuzuia mimba inafaa ndani ya siku 5. Na cheti cha daktari kisipoandikwa mapema, alama zinafutika na mkosaji anatembea.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Yakimpata mtu, awe msichana au mvulana, zahanati kwanza, kikao cha wazee baadaye. Mwambie dada yako, mwambie rafiki yako, msindikize. La pili, yule mwenzetu aliyechekwa Jumamosi aombwe msamaha mbele ya watu, kwa sababu alichekwa mbele ya watu. Sisi tuliokuwepo tukanyamaza tutakuwa wa kwanza kuomba.

Mwenye mama aliyelazwa Panzi asiinamishe kichwa. Mama yake aliokoka.

Tuko pamoja.