Kwa nini vitabu vya magonjwa ya ngozi vinahitaji picha za ngozi nyeusi

Maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi hutaja dalili moja: ngozi kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeupe wekundu huo huonekana haraka. Kwenye ngozi nyeusi huenda usionekane kabisa. Mahali penye ugonjwa panaweza kuwa peusi zaidi, pa kijivu au pa rangi ya zambarau. Mhudumu wa afya aliyejifunza kwa picha za ngozi nyeupe pekee anaweza kuutazama ugonjwa na asiutambue.

Picha ni chache kiasi gani?

Mwaka 2018, watafiti Patricia Louie na Rima Wilkes walichapisha uchunguzi wa picha zaidi ya 4,000 katika vitabu vinne vya kufundishia udaktari vinavyotumika Amerika Kaskazini. Picha za watu wenye ngozi nyeusi zilikuwa asilimia 4.5 tu.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, daktari wa ngozi Jenna Lester wa San Francisco, Marekani, na wenzake walikagua picha 130 za dalili za ugonjwa huo kwenye ngozi zilizotolewa katika majarida ya kitabibu. Hawakukuta hata moja ya ngozi nyeusi sana, ingawa watu weusi wa Marekani na Uingereza walikuwa wakiumia zaidi kwa ugonjwa huo.

Kwa nini iko hivyo?

Majarida na wachapishaji wakubwa wako Ulaya na Marekani. Daktari hupiga picha ya mgonjwa aliye mbele yake, na mhariri huchagua kati ya picha alizoletewa. Baadhi ya majarida hutoza maelfu ya dola ili makala isomwe bure na kila mtu. Daktari wa hospitali ya wilaya barani Afrika, anayeona ngozi nyeusi kila siku, hana fedha hizo.

Hasara yake ni nini?

Ugonjwa hugunduliwa ukiwa umechelewa. Chukua saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Kwa watu weupe mara nyingi huota sehemu zinazopigwa na jua. Kwa watu weusi hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Alifariki Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36.

Nini kinabadilika?

Mwaka 2020, Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London, alitoa pamoja na walimu wake kitabu kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi. Kinapatikana bure mtandaoni. Mwaka 2021, mchoro wa Mnigeria Chidiebere Ibe wa mtoto mweusi tumboni mwa mama yake ulisambaa duniani. Wengi walisema hawajawahi kuona mchoro kama huo.

Hapa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, kilicho KCMC, kimefundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Pale ngozi nyeusi ndiyo ya kawaida darasani na wodini.

Uangalie nini nyumbani?

- Usisubiri wekundu. Gusa kwa mgongo wa mkono: je, pana joto, pamevimba, pamekuwa pagumu au panauma kuliko upande wa pili?
- Upungufu wa damu: tazama viganja, ulimi na ndani ya kope la chini.
- Mwili kuwa wa manjano: tazama weupe wa macho.
- Doa jeusi linalokua, au kidonda kisichopona kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha: nenda kituo cha afya mapema.
- Mweleze mhudumu ngozi yako ilikuwaje kabla ya kuugua. Wewe ndiye unayeijua.

Na ukiombwa kupigwa picha ya ugonjwa wako?

Una haki ya kukataa, na matibabu yako yasiathirike. Una haki pia ya kuuliza itatumika wapi, na kutaka uso wako ufichwe. Ukiridhika na kukubali, picha hiyo inaweza kumsaidia mhudumu mwingine kuutambua ugonjwa huo kwa mgonjwa atakayekuja baada yako.